Farasi wa Dirishani kwa Mama Salim

Naandika haya nikiwa mzima, au tuseme mzima kiasi cha mtu ambaye pafu lake moja limebaki nusu. Nayaandika kwa ajili ya yule aliyeambiwa wiki hii kwamba ana kifua kikuu na kwamba dawa zake ni za miezi minane. Mimi nilipoambiwa hivyo sikulisikia neno "dawa". Nilisikia "miezi minane" tu, nikaitazama mikono yangu na kujiuliza itafanya nini muda wote huo.

Nilikuwa mchimbaji wa dhahabu. Miaka ile ya tisini watu walimiminika kwenye machimbo ya porini upande wa Runzewe kutoka kila kona ya nchi, lakini mimi nilikuwa mwenyeji. Mimi na mwenzangu Nkwabi tulikuwa na duara letu, yaani shimo tunaloshukia kwa kamba kuufuata mwamba. Nkwabi alikuwa na akili ya kujua mwamba unaelekea wapi, mimi nilikuwa na nguvu. Watu waliniita Winchi, kwa jinsi nilivyovuta viroba vya mawe kutoka chini bila kupumzika. Sikuwa na kitu kingine cha kujivunia duniani.

Kikohozi kilianza katikati ya kiangazi. Machimboni kila mtu anakohoa kwa sababu ya vumbi la mawe, kwa hiyo sikukijali. Kisha yakaja majasho, nikawa naamka shuka limelowa kama limetolewa kisimani. Mke wangu Milembe akawa ananipunguzia suruali kiunoni, mara ya kwanza akicheka, mara ya pili akiwa kimya. Siku niliyotema damu mbele ya watu pale kwenye duara, wenzangu walirudi nyuma wote kwa pamoja. Wakati ule mtu akikonda na kukohoa watu walikuwa na jibu lao tayari, nalo ni ule ugonjwa ambao hata jina lake walilizungukazunguka.

Kaka yake Milembe alikuwa na kibanda cha kuuzia chakula madereva wa malori pale Isaka. Habari zilimfikia, akaja. Hakunitukana. Alikaa mbali kidogo, akasema, "Baba Holo, nawachukua dada na mtoto. Wewe nenda katibiwe. Ukishajua ni nini, tutazungumza." Milembe alifunga vitu vyake huku akinitazama kama mtu anayetaka niseme "usiende". Sikusema. Holo, binti yetu, ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutamka maneno yanayoeleweka. Alinipungia mkono kutoka mgongoni kwa mama yake, akadhani wanakwenda sokoni.

Mimi nikapanda lori mpaka Shinyanga mjini, kwa dada yangu Nyanzobe, aliyekuwa anaishi Ngokolo na mumewe, Baba Kulwa. Walikuwa na vyumba viwili na watoto wengi. Wakatoa magunia ya mkaa kwenye stoo ya nje, wakanitandikia mkeka na godoro. Watoto wakaambiwa wamwamkie mjomba wakiwa mlangoni na wasiingie. Walipanga foleni kila asubuhi, "Shikamoo mjomba, shikamoo mjomba," kisha wakakimbia kama wamemwamkia simba. Dada aliniletea chakula, akakiweka kwenye kigoda, akasimama kidogo akihangaika na kanga yake, akaondoka. Simlaumu. Nyumba ilikuwa ya mumewe, na mumewe alikuwa anaogopa.

Hospitalini wagonjwa wa kifua tulikuwa na benchi letu, nje, upande wa nyuma, mbali na wengine. Watu waliotaka kufupisha njia walifika pale, wakatuona, wakageuka. Tulikaa kila asubuhi tukisubiri dirisha lifunguliwe, nesi aite majina, tumeze vidonge mbele yake, kisha tuingie mmoja mmoja kuchomwa sindano. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Tulihamia upande mmoja wa benchi paa lilipovuja, tukahamia mwingine jua lilipotoka. Kulikuwa na mama mmoja kutoka Kishapu aliyeniwekea nafasi upande wa jua kila siku, bila kuniuliza jina langu. Wiki moja hakuja. Wiki iliyofuata mtu mwingine alikaa mahali pake, nami sikuthubutu kumuuliza nesi.

Nesi yule alikuwa mkali, na nilimpenda kwa sababu alizungumza nasi kama watu. "Utajisikia umepona kabla hujapona," alituambia. "Hapo ndipo wengi wanapokimbia. Ukiacha katikati, ugonjwa utarudi ukiwa umeshazijua dawa zetu."

Wewe unayeanza, nikuambie yale ambayo hakuna aliyeniambia. Mkojo utakuwa mwekundu. Si damu, ni dawa. Matako yatavimba kwa sindano mpaka ukae kwa upande mmoja kama mtu anayetega sikio mlangoni. Masikio yatalia, na utakapogeuka ghafla dunia itageuka pia, ichelewe kusimama. Njaa itarudi kwa nguvu kabla mwili haujarudi. Lakini kilichonitesa zaidi ni mchana. Sindano iliisha asubuhi, na baada ya hapo hapakuwa na mtu duniani aliyenihitaji mpaka kesho yake.

Siku moja nikirudi kutoka hospitali kizunguzungu kilinikamata mjini, kwenye mtaa wa maduka. Nikakaa kwenye baraza ya nyumba moja ya zamani, kichwa katikati ya magoti. Nyuma yangu kulikuwa na dirisha lenye nondo, na sauti ya mwanamke ikatoka ndani.

"Wewe, unakufa hapo au unapumzika?"

"Napumzika, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Una nini?"

Ningeweza kusema malaria. Sijui kwa nini sikusema. "Kifua kikuu. Nimeanza sindano."

Nikaanza kujikusanya niondoke.

"Kaa," sauti ikasema. "Ila sogea upande ule, ili upepo utoke kwangu kwenda kwako. Tatu! Mpe huyu baba maji."

Hivyo ndivyo nilivyomjua Mama Salim. Alikuwa Mhindi, Mwislamu, mjane, mzaliwa wa Shinyanga hiihii. Duka la vitambaa la marehemu mumewe lililokuwa upande wa mbele alikuwa amempangisha mfanyabiashara mwingine. Mwanawe Salim alikuwa amehamia Kanada na wajukuu. Yeye alibaki na Tatu, mwanamke wa makamo aliyempikia na kumsafisha kidonda, kwa maana Mama Salim alikuwa na kisukari na mguu wake wa kushoto ulikataa kupona. Alishinda kwenye kochi karibu na lile dirisha, mguu umeinuliwa juu ya stuli, akitazama televisheni.

Nilipopita kesho yake aliniamkia yeye kwanza, kwa Kisukuma. "Mwangaluka."

Nilishtuka mpaka nikacheka. "Mwangaluka, mama. Mhola?" nikamuuliza kama ni salama.

"Mhola duhu. Njoo uone farasi wangu wanavyoniaibisha."

Nikachungulia kati ya nondo. Kwenye kioo cha televisheni farasi wadogo wa rangi walikuwa wanakimbia kwenye uwanja wa kijani, miguu ikienda kama sindano za cherehani. Walikuwa wa kuchorwa. Ilikuwa mashine ya michezo ambayo Salim aliwanunulia watoto wake Dubai, ya kuchomeka kaseti. Waliposafiri waliibeba michezo waliyoipenda, wakaacha kaseti moja ya njano ambayo hawakuielewa, kwa sababu maandishi yake yalikuwa ya Kijapani au ya Kichina, hakuna aliyejua. Mama Salim naye hakuyajua. Alikuwa anabonyeza tu na kuona kitakachotokea.

"Huyu mwekundu ndiye wangu," akasema. "Nimemchagua kwa sababu ni mzuri. Huwa wa mwisho kila siku."

Mimi ni Msukuma. Farasi sijawahi kumwona kwa macho mpaka leo, lakini ng'ombe nawajua. Nilitazama jinsi wanyama wale walivyopitishwa mmoja mmoja kabla ya mbio, nikamwambia mwekundu ananyanyua kichwa mno, achague yule wa kijivu anayetembea kichwa chini. Akamchagua. Wa kijivu akawa wa mwisho, mwekundu akashika nafasi ya pili. Tatu alicheka mpaka akaweka chini sufuria.

Mama Salim hakucheka. Alichukua kidude cha pili cha kubonyezea, akaufungua waya wake, akampa Tatu aupitishe kati ya nondo. Waya ulikuwa unatosha. Nikakishika kile kidude nikiwa nimekaa barazani, yeye yuko ndani, dirisha liko kati yetu.

"Sasa bonyeza mwenyewe," akasema. "Kuongea ni rahisi."

Kuanzia hapo kila baada ya sindano nilipita kwake. Mchezo wenyewe haukuwa mbio tu. Unapewa farasi mchanga, unamlea. Kila wiki ya mchezo ulitokea ukurasa wenye vijisanduku, ukachagua kimoja, na kwa kuwa hatukuweza kusoma, tulijifunza kimoja kimoja kwa kukosea. Kijisanduku cha juu kilimkimbiza mazoezini. Cha pili kilimlisha. Cha tatu tulidhani kimeharibika, kwa sababu ukikibonyeza hakuna kinachotokea; farasi anasimama tu zizini na wiki inapita. Pembeni palikuwa na mistari miwili, mmoja mwekundu na mmoja wa bluu. Mwekundu ulijaa haraka. Wa bluu tuliupuuza.

Farasi wangu wa kwanza nilimkimbiza kila wiki. Mstari mwekundu ulijaa mpaka mwisho, nikajisifu, nikamwingiza mbio baada ya mbio. Mama Salim akasema, "Unamkimbiza kama ng'ombe wa plau," na jina likawa hilo, Plau. Plau akashinda mbio moja. Katika mbio zilizofuata aliongoza mpaka kona ya mwisho, kisha akasimama katikati ya uwanja huku wenzake wakimpita. Ukurasa mweusi ukatokea wenye maneno machache, na baada ya hapo zizi likawa tupu.

Nilikaa pale na kile kidude mkononi. Alikuwa farasi wa rangi kwenye kioo, lakini niliendelea kulitazama lile zizi tupu.

Mama Salim akasema polepole, "Ule mstari wa bluu ulikuwa umeisha. Mimi niliuona, nikadhani si kitu." Halafu akasema, "Nadhani kile kijisanduku cha tatu hakijaharibika. Ni kupumzika."

Tukaanza upya. Hapo ndipo nilipojifunza kubonyeza kijisanduku cha tatu, na nakuambia ni kazi. Wiki inapita, farasi amesimama tu. Wiki nyingine, amesimama. Wengine wanakimbia, wanashinda, wewe unatazama mstari wa bluu ukiongezeka kidogo mno, kidogo kuliko unavyoweza kuona. Mwanzoni mkono wangu ulikuwa unawashwa. Baadaye ikawa mchana unapita nami sijahesabu nilivyokohoa.

Mvua zilipokolea, miezi ya sindano ikaisha. Walipima makohozi yangu, nesi akaniambia hayana wadudu tena. Nilikuwa nimenenepa mashavu. Kilichobaki ni vidonge, miezi sita, ambavyo ningechukua pale dirishani hospitalini kwa vipindi. Mama Salim aliposikia akasema, "Sasa pita ndani, ukae kwenye kiti kama mtu." Nilimshukuru, nikabaki barazani. Nilikuwa nimeuona mguu wake. Sikutaka niwe mimi wa kumletea kitu kingine. Hakunilazimisha, ila kesho yake nilikuta kiti kimewekwa nje, chini ya dirisha.

Ni wakati huohuo dereva mmoja wa lori aliponiletea ujumbe wa Nkwabi. Alinikuta kwa dada. "Nkwabi anasema mwamba umetoa dhahabu," akaniambia. "Anasema uje upesi. Kuna mtu anataka kuchukua nafasi yako, naye hawezi kumzuia muda mrefu."

Unaelewa maana yake? Miaka yote ile ya kuvuta viroba, na mwamba ukafunguka nikiwa kwenye stoo ya mkaa. Nilijisikia mzima. Nilikuwa nakula, nalala, situmii fimbo. Nilimwambia dada naondoka kesho. Alitazama chini akasema, "Na vidonge?" Nikamwambia nitavinywea hukohuko. Wote wawili tulijua kwamba huko porini hapana dirisha wala nesi.

Asubuhi nilipita kumuaga Mama Salim. Alikuwa ameshawasha televisheni, na kidude changu kilikuwa kwenye kiti nje kikinisubiri.

"Mama, nimekuja kuaga. Narudi machimboni."

Akanigeukia. "Leo?"

"Leo. Mwamba umetoa."

"Haya. Mungu akutangulie." Akaugeukia mchezo, akabonyeza, akasimamisha. "Mimi sitamwingiza farasi wetu mbio bila wewe. Atakaa tu. Kwaheri, Baba Holo."

Nikaenda stendi. Basi lilikuwa linapakia, mizigo inarushwa juu ya paa. Nilinyanyua begi langu kumpa utingo, begi la nguo tu na sululu moja, nikalifikisha usawa wa kifua, mikono ikakataa. Pumzi ilikatika. Nikaegemea gurudumu la basi huku nikisikia kifua changu kikipiga filimbi. Utingo, kijana mwenye misuli kama niliyokuwa nayo, alishuka akalichukua kwa mkono mmoja. "Pole mzee," akaniambia. Sikuwa nimefika hata miaka thelathini na mitano.

Nilikaa ndani ya basi kwenye kiti cha dirishani. Nilimfikiria Plau aliposimama kwenye kona ile, mstari mwekundu umejaa kabisa. Nilifikiria maneno ya nesi. Lakini nikiwa mkweli, kilichoniinua ni kwamba nilijiona nikiwa chini ya duara, kwenye kamba, pumzi imekatika kama vile, na hakuna utingo. Nikashuka. Nikaomba begi langu lirushwe chini. Watu wakanicheka, na basi likaondoka.

Dada alikuwa anafua niliporudi. Aliniona nikiingia na begi, akafuta mikono, akakaa chini palepale kwenye tope akalia. Jioni ile alileta chakula stoo, akakiweka kwenye kigoda, naye akakaa akala nami. Baba Kulwa alipita mlangoni, akatuona, akaendelea na safari yake.

Hadithi hii haina mwisho wa kusema kwamba duara lilibomoka nami nikanusurika. Duara halikubomoka. Nkwabi alipata dhahabu, alijenga nyumba ya bati Runzewe, na aliyechukua nafasi yangu akanunua pikipiki. Kila mmoja alipata haki yake. Mimi nilipata vidonge. Nimelifikiria hilo mara nyingi, na sijui kama ningekuwepo nilifikirie kama nisingeshuka kwenye lile basi.

Miezi ya vidonge ni ya upweke kuliko miezi ya sindano. Wakati wa sindano angalau una benchi na wenzako. Wakati wa vidonge mwili umeshapona machoni mwa watu, wanakushangaa umekaa tu. Masika yalikuja, watu wakaenda mashambani, mtaa ukabaki na kuku na mimi. Vidonge viliniwasha ngozi, vikanitia uchungu mdomoni. Kila siku nilikwenda kwenye kile kiti. Siku nyingine hatukuongea chochote, tulibonyeza tu. Siku nyingine Mama Salim alinisimulia jinsi mumewe alivyokuwa akipeleka vitambaa minadani kwa lori msimu wa pamba, na wanawake wa Kisukuma walivyomfundisha yeye kusema lugha kwa kumcheka. Nami nilimsimulia Milembe. Sikuwa nimemsimulia mtu yeyote.

Plau wa pili akakua vizuri. Tulimpumzisha, tukamlisha, tukamkimbiza kidogo. Akaanza kushinda bila kelele. Tulikuwa tunamsogeza kuelekea mbio moja kubwa ya mwisho wa msimu, iliyoonyeshwa kwa picha ya kikombe. Siku ya mbio yenyewe, farasi wakiwa mlangoni, umeme ukakatika. Ulikuwa msimu wa mgao. Uliporudi, kaseti iliyokuwa ikitutunzia farasi wetu kila siku haikukumbuka kitu. Farasi mchanga, mistari mitupu, wiki ya kwanza.

Nilitupa kidude kwenye kiti. "Kazi yote bure."

Mama Salim alikuwa anausogeza mguu wake kwa mikono miwili, kama mtu anayehamisha mzigo wa mwingine. "Bure kwa nani?" akauliza. "Umepata michana mingapi kwangu? Mimi nimepata mingapi kwako? Chukua hicho kidude, mwanangu. Tuanze."

Tukaanza. Na jambo la ajabu ni kwamba safari hiyo sikuwa na haraka hata kidogo.

Ilipofika wakati wa kuvuna pamba nikamwomba nesi ruhusa ya siku chache, nikaenda Isaka. Malori yalikuwa yamejipanga yakisubiri mizigo ya kwenda ng'ambo ya mpaka wa magharibi, na kibanda cha shemeji kilikuwa kimejaa madereva. Milembe alikuwa anakaanga chapati. Aliponiona aliweka kijiko chini, akanifuata mpaka kando ya reli. Alikuwa amekonda. Holo alimfuata, akajificha nyuma ya kanga yake. Hakunijua.

"Umepona?" Milembe akauliza.

Neno "ndiyo" lilikuwa mdomoni. Nilikuwa nimelibeba njia nzima. "Wadudu wameisha," nikasema. "Lakini dawa bado. Zimebaki za miezi miwili."

"Na kaka anasema kama ni ule ugonjwa mwingine..."

"Walinipima na huo. Sina."

Akatazama reli. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika. "Ungekuja mapema ukaniambia."

"Ulitaka nije nikiwa vile?"

"Nilitaka uje." Akajifuta kwa kanga. "Sasa nisikilize. Nikirudi nawe leo, utakwenda kutafuta kazi kesho ili utulishe, na dawa utaziacha. Nakujua. Maliza. Mimi siendi popote. Ila leo sirudi."

Nilirudi Shinyanga kwa gari la mizigo, nimekaa juu ya magunia. Nilijiona mpweke kuliko siku yoyote ya ugonjwa ule, na papo hapo nikajua amesema kweli. Vitu vyote viwili vilikaa kifuani mwangu pamoja, njia nzima, na havikugombana.

Wiki chache kabla sijamaliza, nilikuta gari nje ya nyumba ya Mama Salim. Mwanawe alikuwa amekuja kumchukua. Kidonda kilikuwa kimepanda, madaktari wa Dar es Salaam walitaka kuuona mguu haraka. Salim alikuwa mtu mpole, mwenye haraka. Alinikuta kwenye kiti changu akaniuliza kwa heshima kama namsubiri mtu.

"Huyo ni wangu," mama yake akasema kutoka ndani.

Walimtoa kwa kiti, Tatu mbele na mwanawe nyuma. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona bila nondo mbele ya uso wake. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyodhani. Alinishika mkono, na sikuutoa.

"Farasi wetu hatukumfikisha," nikamwambia.

"Kwani tulikuwa tunampeleka wapi?" akasema. Kisha, wakimwingiza garini, "Vidonge vyako leo umemeza?"

"Nimemeza."

"Haya."

Sikusikia tena habari zake za uhakika. Mpangaji wa duka aliniambia mguu ulikatwa, mwingine akaniambia walimpeleka Kanada. Kama yuko hai, namtakia jua. Kama hayuko, Mungu amlaze pema.

Siku niliyomeza vidonge vya mwisho nesi alinipigia makofi mawili, akaita jina lililofuata. Nilitoka getini nikiwa na habari kubwa kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na sikuwa na pa kuipeleka. Nilitembea mji mzima nayo. Mwisho nikaenda kwa Baba Kulwa, alikokuwa anatengeneza baiskeli, nikamwambia yeye. Alisimama, akaufuta mkono wake wenye grisi, akanipa. Hakuwa amenishika mkono tangu nilipofika.

Wewe unayeanza, sina farasi wa kukupa. Ninachoweza kukuambia ni kwamba siku ndefu hazikuisha kwa sababu nilikuwa jasiri. Ziliisha kwa sababu palikuwa na kiti nje ya dirisha fulani, na mtu ndani ambaye angeuliza nisipotokea. Tafuta mtu kama huyo. Usipompata, kaa wewe kwenye baraza ya mtu mwingine mpaka akuzoee.

Sasa tunaishi Isaka. Kuchimba siwezi tena. Nakagua turubai na kamba za malori kabla hayajaondoka, kazi ya kutembea polepole na kutazama. Mwaka ule niliporudi kwao, Milembe hakuniuliza mengi. Alinitazama usoni, akaona, akaniongezea maharage. Holo ndiye aliyechelewa. Wiki nzima aliniita "yule baba". Kisha Jumapili moja mama yake alimtuma anionyeshe njia ya kisimani, nami nikamfuata na ndoo. Alitangulia mbio, viatu vikimpwaya, akafika mbali. Alipogeuka aliniona nimebaki nyuma, nimeshika kiuno, natafuta pumzi. Nilidhani ataendelea. Akasimama katikati ya njia, akanisubiri.